Ukungu Ndani ya Darubini

Muuza bunduki hakumuuliza Inspekta jina lake wala shida yake. Alimuuliza anataka kuua nini.

"Nguruwe pori," Inspekta alijibu.

"Wapi?"

"Vichakani, pembeni mwa shamba."

"Wakati gani?"

"Jioni, giza linapoanza kuingia."

Muuza bunduki aliitikia kwa kichwa kama daktari aliyesikia dalili anazozijua. Alikuwa mwanamume mnene mwenye tai fupi. Wateja wake walimwita Bwana Shabaha, na jina hilo lilimpendeza kiasi kwamba aliliandika juu ya mlango wa duka. Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye nondo madirishani. Bunduki zilisimama ukutani zimefungwa kwa mnyororo mmoja, na darubini za bunduki zilipangwa ndani ya kabati la kioo, kila moja juu ya kitambaa cheusi.

"Kaa, mama. Darubini haichaguliwi kwa kusimama."

Inspekta hakukaa. Tangu alfajiri alikuwa hawezi kukaa mahali. Kesho asubuhi mfamasia mmoja angefikishwa mahakamani kukiri kwamba alimpiga risasi mlinzi wa msitu akidhani ni nguruwe. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe leo. Maelezo ya mfamasia yalikuwa yamenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo lililomnyima Inspekta raha. Alikuwa amesikia watu wengi wakisimulia ajali zao. Husimulia wakirudi nyuma, wakijikanusha, wakisahau. Mfamasia hakusahau kitu.

Bwana Shabaha aliweka darubini fupi juu ya kaunta.

"Hii inakuza mara nne tu. Usiidharau. Kioo chake cha mbele ni kipana, kwa hiyo jioni inakusanya mwanga kuliko jicho lako. Nguruwe akichomoka kichakani unamwona mzima, kichwa mpaka mkia. Unalenga, unapiga, unakwenda kuoga."

"Na ile ndefu kule nyuma?"

"Achana nayo."

"Kwa nini?"

"Ile inakuza mara ishirini na nne. Ni ya mtu anayepiga mbali, uwandani, mnyama ametulia, mpigaji amelala chini na bunduki ameilaza juu ya mfuko wa mchanga. Kichakani utaona nini? Utaona sikio. Utaona unywele wa sikio. Nguruwe mwenyewe atakuwa ameshafika kwao, anasimulia habari zako."

"Nataka kuiangalia."

Aliitoa kwa kusitasita. Inspekta aliegemeza viwiko kwenye kaunta na kuielekeza ng'ambo ya barabara. Hakuona kitu. Mbele yake palikuwa na ukungu mweupe, na katikati ya ukungu msalaba mweusi uliofifia.

"Ni mbovu?"

"Mbovu ni maneno yako, mama. Hujaiweka kwenye jicho lako." Bwana Shabaha alinyoosha mkono na kuizungusha pete ya nyuma, ile iliyo karibu na jicho. "Kila mtu na jicho lake. Zungusha taratibu. Bado? Zungusha tena."

Ukungu ulitoka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi, na Inspekta alimwona kana kwamba amesimama mbele yake. Aliona povu kwenye kidevu cha mteja. Aliona kipele nyuma ya sikio la kinyozi. Picha ilitikisika kila moyo wake ulipopiga.

Aliishusha darubini, akatoa kitambulisho na picha kubwa ya bunduki, akaviweka kwenye kaunta.

Bwana Shabaha alivitazama vyote viwili kwa kinyongo. "Polisi. Ungeanza na hilo. Nimemwaga maneno yangu yote bure."

"Hayajamwagika. Darubini iliyo juu ya bunduki hii ni yako?"

Hakuhitaji muda. Aliweka kidole kwenye picha, mahali ambapo pete ya nyuma inakutana na mwili wa darubini. Palikuwa na tone dogo jekundu.

"Ni yangu. Hii ni rangi ya kucha ya mke wangu. Wateja wana vidole vinavyowasha. Wanavuruga pete, kisha wanarudi hapa kunilalamikia kwamba nimewauzia darubini kipofu. Siku hizi mteja akishapata jicho lake, naikaza pete, natia tone juu ya mshono. Tone likipasuka, najua nani ameichezea."

"Hili limepasuka?"

Alichukua lenzi ya mkononi na kuinama juu ya picha kwa muda.

"Zima. Kama siku niliyolitia."

Inspekta alizunguka kaunta hadi dirishani, akarudi. Bunduki ilichukuliwa na Sajini wake mahali pa tukio, ikatiwa lakiri mbele ya mashahidi, na picha ilipigwa siku hiyohiyo. Pete haikuguswa tangu dukani.

"Leseni ina jina la mfamasia," alisema. "Yeye ndiye aliyechagua hii ndefu?"

Hilo ndilo lililomleta. Nguruwe wa shamba alikouawa mlinzi walikuwa vichakani, na mtu anayenunua darubini ya uwandani ili kuwinda vichakani ana sababu nyingine ya kuinunua. Alikuwa amefika akiamini kwamba mfamasia ni muuaji aliyejificha nyuma ya ajali.

"Nani, yule kijana?" Bwana Shabaha alicheka. "Yule hakuchagua hata kiti. Alikuja na baba mkwe wake, mzee mmoja mfanyabiashara wa mbao. Mzee alisema anataka kumpa mkwe zawadi. Nikampa ile fupi, akaisukuma. Nikamwambia, mzee wangu, kwa nguruwe hii ndefu ni kazi bure. Akaniambia, 'Mkwe wangu hana haraka.' Nikasema moyoni, hawa ndio wale wanaonunua gari kwa kupenda honi."

"Nani aliyetazama wakati unaikaza pete?"

"Mzee."

"Kijana je?"

"Alikuwa amekaa pale, amepakata kofia ya baba mkwe wake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilimwita aje aiweke kwenye jicho lake. Mzee akasema, 'Macho ya kijana yanaona kila kitu, kaza.' Mteja akisema kaza, nakaza."

"Mzee huyo anavaa miwani?"

"Ya kukuza. Ukimtazama, macho yake yamejaa vioo vyote viwili. Aliivua, akaiweka hapa hapa kabla ya kutazama." Bwana Shabaha aliitazama picha tena. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipoteza ule uchangamfu wa dukani. "Kwani kuna nini, mama?"

"Nitaazima ile ndefu," Inspekta alisema. "Nitatia saini."

*

Mzee Mbao, kama wote walivyomwita, alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa kituo na chupa ya chai mapajani. Alikuja kila siku. Askari waliopita walimwamkia, naye aliwaitikia kwa jina la kila mmoja. Paa la kituo lilikuwa la mbao zake.

"Binti yangu," alimwita Inspekta. "Mtamwachia lini mwanangu? Mke wake hali, halali. Ni ajali. Hapa hakuna asiyejua kwamba ni ajali."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatembea kama mtu anayefukuzwa. Kaa unywe chai."

"Nitakunywa baadaye. Mzee, wewe bado unawinda?"

Mzee Mbao alicheka na kugonga kioo cha miwani yake kwa ukucha. Nyuma ya vioo macho yake yalikuwa makubwa na mapole. "Kwa macho haya? Leseni yangu ilikwisha zamani, sikuifuata tena. Mambo hayo nimewaachia vijana."

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake. Alimwashiria Inspekta kwa kidole, akafunga mlango nyuma yao.

"Umetoka wapi?"

"Dukani."

"Kununua nini? Mtu amekiri. Bunduki ni yake, leseni ni yake, maneno ni yake. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta kama aliona alichosema ameona."

"Alisema aliona nguruwe!"

"Ndiyo, afande. Naomba nimpeleke shambani jioni hii aonyeshe. Bunduki nitaichukua bila risasi, komeo lake la kufyatulia litabaki hapa kwenye sefu. Akirudia maneno yake pale, jalada litakuwa mezani kwako kabla hujaondoka."

"Na asiporudia?"

Inspekta alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango. "Basi kesho tungempeleka mahakamani mtu ambaye siye."

Mfamasia aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amechomekea shati vizuri. Alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyezoea kuzungumza kwa sauti ya chini na watu wagonjwa. Hakuwa na miwani. Sajini alikaa kando na daftari.

"Rudia," Inspekta alisema.

"Nilikuwa juu ya kichuguu. Jua lilikuwa linazama. Niliona kitu cheusi kimeinama kwenye majani, karibu na uzio. Nikajua ni nguruwe. Nikapiga."

"Ulikitazama kwa darubini?"

"Ndiyo."

"Uliikuza kiasi gani?"

"Kiasi cha kawaida."

"Kawaida ni kiasi gani?"

Kijana alimtazama Sajini, kana kwamba jibu lingepatikana huko. "Sikumbuki."

Lilikuwa jambo la kwanza alilolisahau. Inspekta alisimama.

"Twende ukatuonyeshe."

"Kuna haja gani? Nimeshasema ni mimi."

"Kuna mtu amekuambia useme hivyo?"

"Hapana," mfamasia alisema haraka mno.

Walipompitisha ukumbini, Mzee Mbao aliinuka na kumtengeneza kola ya shati kwa mkono wake mwenyewe. "Jikaze, mwanangu," alisema. "Kesho yatakwisha." Kijana aliinamisha kichwa kwa heshima, akamwambia asante.

Sajini alimfuata Inspekta hadi kwenye gari, akinong'ona.

"Afande, nani atasimama pale kwenye uzio?"

"Wewe."

"Mimi nina watoto."

"Komeo liko kwenye sefu. Hiyo bunduki sasa haina tofauti na mwiko."

"Mwiko wa nyumbani kwangu umeshanijeruhi," Sajini alisema, lakini alipanda gari.

*

Kichuguu kilikuwa ukingoni mwa shamba la Mzee Mbao. Mbele yake palikuwa na uwanda wa majani uliokatizwa na uzio, na nyuma ya uzio ulianza msitu wa serikali. Nguzo za uzio zilikuwa mpya. Upande wa huku, mbali kidogo na nguzo hizo, palibaki mstari wa mashimo ambamo nguzo za zamani ziling'olewa. Kati ya mashimo na nguzo mpya kulikuwa na visiki vibichi vya miti mikubwa. Kwa ajili ya visiki hivyo mlinzi wa msitu na Mzee Mbao waliacha kusalimiana, na mlinzi alikuwa ameahidi kumpeleka mzee mbele ya sheria.

Inspekta alitandika gunia juu ya kichuguu na kuilaza bunduki. Aliangalia tena tone jekundu, lilikuwa zima. Mwanga ulikuwa unapungua, naye alihisi kila dakika ikimponyoka. Ng'ambo, Sajini alikuwa ameshafika kwenye uzio, amesimama mahali damu ilipokutwa. Kwa macho matupu alikuwa mtu mdogo mweusi, lakini alikuwa mtu.

"Lala kama ulivyolala siku ile."

Mfamasia alilala kifudifudi. Alichukua muda kupata mahali pa kuweka shavu.

"Unamwona Sajini?"

"Namwona."

Inspekta, akiwa nyuma yake, aliinua mkono mmoja. Ilikuwa ishara waliyokubaliana. Ng'ambo, Sajini aliketi chini na kujitandika leso nyeupe kichwani.

"Anafanya nini?"

"Amesimama."

"Amesimama tu?"

"Ndiyo."

"Anaangalia wapi?"

"Huku."

"Mtazame vizuri. Sitaki ukosee."

"Amesimama, anaangalia huku," mfamasia alisema. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni.

"Inua kichwa."

Kijana aliinua kichwa na kutazama kwa macho yake mwenyewe. Leso nyeupe ilionekana kwenye majani kama karatasi iliyodondoshwa. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka paji la uso juu ya gunia.

"Ndani ya darubini hii unaona nini?" Inspekta aliuliza.

"Ukungu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nilipopewa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani?" Aliketi, vumbi limemjaa kifuani. "Unamwambiaje baba mkwe kwamba zawadi yake haionyeshi kitu? Aliinunua mwenyewe, akanipa mbele ya mke wangu na shemeji zangu. Wote walisimama wakinitazama. Nikaweka jicho, sikuona hata mti. Nikasema, 'Asante, baba, naona mpaka majani.' Walipiga makofi. Baada ya hapo ningesema nini? Niliiacha ndani ya kabati nyumbani kwa baba mkwe. Sijapiga hata risasi moja kwa bunduki hiyo tangu iwekwe darubini."

"Naye hajui."

"Hajui. Anadhani naiona."

Inspekta alitembea hatua chache, akarudi. Sasa alikuwa na ukweli wa kwanza, na haukumtuliza. Akili yake ilikuwa tayari imekimbilia wa pili.

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Dukani kwangu. Nilichelewa kufunga, mama mmoja aliniletea mtoto mwenye homa kali. Nilipofika njia ya shamba nikasikia mlio. Nikamkuta baba anatetemeka, bunduki mkononi. Alisema ameona nguruwe, amepiga, kumbe ni mtu." Maneno sasa yalimtoka ovyo, yakirudi nyuma na kujigonga, kama ya mtu anayesimulia jambo la kweli. "Ilikuwa ajali, afande. Naapa. Baba hana leseni. Akikamatwa na bunduki, nani atamwamini? Moyo wake ni mbovu, hawezi kulala sakafuni hata siku moja. Mimi nina leseni. Aliniambia kwangu itakuwa bahati mbaya tu, kwake itakuwa jinai. Mke wangu alinishika miguu. Alisema, 'Niokolee baba yangu.'"

"Na leseni yako ya dawa? Ukihukumiwa kwa kuua mtu, utauza dawa wapi?"

"Nimelifikiria hilo."

"Na bado utakiri kesho?"

Mfamasia alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Kama ni ajali, nitakiri. Mzee amekosea, basi. Watu hukosea. Sitamtupa baba wa mke wangu kwa kosa la macho."

Hapo ndipo kesi ilipokwama. Pete na tone vingemwondoa kijana huyu kwenye kifyatulio. Lakini yeye mwenyewe akisimama mahakamani na kusema ni mimi, wakili wa Mzee Mbao angemsaidia kulisema vizuri zaidi.

Inspekta alifungua mkoba, akatoa darubini aliyoiazima, akaiweka juu ya gunia kando ya bunduki.

"Hii ni ndugu yake. Aina ileile, duka lilelile. Pete yake haijakazwa. Lala, uzungushe pete ya nyuma mpaka uone."

"Ya nini?"

"Zungusha."

Alilala. Vidole vyake vilizungusha pete polepole, vikasimama, vikarudi kidogo. Kisha mwili wake wote ukatulia.

"Niambie."

"Namwona Sajini."

"Anafanya nini?"

"Anatafuna."

"Karanga. Nilimkataza."

"Naona ganda limemganda mdomoni." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Naona vifungo vya koti. Kimoja hakipo. Uzi wake unaning'inia."

"Mwanga wa siku ile ulikuwa kama huu?"

"Ulikuwa mwingi zaidi. Jua lilikuwa bado."

"Baba mkwe wako alivua miwani dukani, akaifanya ile nyingine iwe ya jicho lake, ikakazwa hivyo. Alikuwa amelala hapa ulipolala wewe. Hicho unachokiona ndicho alichokiona."

Mfamasia hakuondoa jicho. "Labda mlinzi alikuwa ameinama. Baba alisema kilikuwa kitu kimeinama."

Inspekta aliinua mikono yote miwili. Ng'ambo, Sajini alivua leso, akasimama wima, akainua mkono wa kulia juu ya kichwa, kiganja kikielekea kichuguuni.

"Daktari aliyempasua marehemu alinieleza leo mchana," Inspekta alisema. "Risasi ilipita kwenye kiganja kabla ya kuingia kifuani. Mkono wake ulikuwa juu, namna ile."

"Alikuwa anajikinga."

"Dhidi ya nani? Kwa macho matupu usingemwona mtu aliyelala hapa ana bunduki. Ungeona tu kwamba kuna mtu. Mlinzi alikuwa anapunga mkono."

Upepo ulilaza majani na kuyaacha. Mfamasia alikuwa bado ameweka jicho kwenye darubini, na Inspekta aliona mgongo wake ukipanda na kushuka.

"Hilo tu ndilo linalonisumbua," Inspekta alisema. "Huyo mtu na Mzee Mbao walikuwa hawaamkiani. Mlinzi hakuwa na rafiki upande huu. Nimejiuliza tangu mchana alikuwa anamsalimia nani."

Inspekta alijizuia kuongeza neno. Miguu yake ilitaka kutembea, akaikataza.

"Nilimpigia simu siku ile," mfamasia alisema hatimaye.

"Tunajua. Ulituambia ulimpigia kuhusu dawa za mtoto wake."

"Baba ndiye aliyenifundisha niseme hivyo." Aliondoa jicho kwenye darubini. Pete ilikuwa imemwachia duara jekundu kuzunguka jicho. "Alinijia dukani asubuhi. Akasema amechoka na ugomvi wa uzio, anataka wapatane. Akasema, 'Wewe anakupenda, ulimtibia mtoto. Mwite jioni, mwambie atakukuta kwenye kichuguu. Nami nitakuja tumalize maneno.' Nilifurahi, afande. Nilimpigia mlinzi pale pale, nikiwa nacheka. Nikamwambia akiona mtu juu ya kichuguu, ni mimi, asogee."

Inspekta alipiga goti karibu naye.

"Alikuwa ananisalimia mimi," mfamasia alisema.

Ng'ambo ya majani Sajini alikuwa bado ameinua mkono, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, akisubiri ishara ya kuushusha. Hakuna aliyekumbuka kumpa. Mfamasia alimtazama kwa macho matupu mpaka giza lilipoanza kumla miguu.

"Una kalamu?" aliuliza.

"Ninayo."

"Basi andika hapa hapa. Andika yote, nitie saini, kabla sijaonana na mke wangu."